Njia ya Kurudi

Nimezungusha ufunguo. Tak.
Mara ya pili. Tak.
Kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha mmoja,
akiomba asisikike.

Bethesda, Februari. Mvua inateremka juu ya paa la mawe,
na gerejini Triumph ya kaka yangu Idwal,
kijani, imesuguliwa, inang'aa,
imenuna.

Trefor wa nyumba ya pili amekuja na chai yake mwenyewe.
"Stata imekufa," anasema, hata boneti sijafungua.
Trefor huzika watu mapema.
Namwambia aketi ndani, ashike ufunguo, afunge mdomo,
azungushe nikimwambia.

Betri kwanza. Mita inasoma kumi na mbili nukta sita.
Betri haina kesi.
Nawasha taa kubwa: ukuta wote mweupe,
kreti za viazi, baiskeli isiyo na mnyororo.
Zungusha, Trefor.
Tak. Na taa hazikufifia hata chembe.
Nguvu ipo, basi. Ipo, haiendi.

Nafuata waya ya kahawia mpaka kwenye swichi,
nafuata nyeupe yenye mstari mwekundu ikirudi,
na kila ninapoichoma taa yangu ya kupimia
inawaka, inawaka tena.
Umeme unafika mpaka kizingitini pa stata
umevaa, umechana nywele,
na kazi haifanyiki.

"Nilisema imekufa."

Zungusha tu, Trefor.

Hapo ndipo nikasikia harufu, ya plastiki inayojuta,
na Trefor akaruka kwenye kiti kama aliyeumwa:
alikuwa amevuta choki, na choki imemuunguza vidole.
Kijiuzi cha choki! Chembamba kama kamba ya kiatu,
kina moto!
Nikacheka. Mara ya kwanza tangu Novemba,
nikacheka mpaka nikashika ubavu wa gari.

Maana umeme ni mtu aliyetumwa.
Kufika si safari, ni nusu yake; sharti arudi.
Ukimfungia barabara atapita uani kwa jirani,
atapenya kwenye kijiuzi kisichomhusu
na kukichoma njiani.

Nikalala chali juu ya gunia, tochi mdomoni.
Mkanda wa waya uliosukwa, kutoka injini kwenda chesisi,
upo. Mpya. Nati imekazwa sawasawa.
Nikaufungua hata hivyo.
Chini yake, rangi.
Nyeusi, laini, tabaka tatu,
bila alama ya brashi.

Majira ya baridi yaliyopita alikuwa akikohoa humu ndani
na mimi nikimwita mlangoni: Idwal, chakula kinapoa.
Bado kona hii, Eluned.
Bado kona hii.
Hakuacha wazi hata upana wa kucha.
Kila mahali ambapo kutu ingeingia akaziba,
na akaziba na hapa, chuma kinapopaswa kugusa chuma.
Fundi wa miaka arobaini. Alijua.
Sijui kama alisahau au alichoka.

Nilikuwa na msasa mkononi. Muda mrefu nilikuwa nao tu.
Trefor, kwa mara moja, hakusema kitu.

Kisha nikakwangua. Duara dogo, la ukubwa wa sarafu,
tabaka la kwanza, la pili, la tatu
lilitoka gumu, lilikuwa limeshika,
mpaka chuma kikafumbua jicho.
Nikarudisha mkanda, nikakaza,
nikapaka grisi pembeni.

Zungusha.

Ikakohoa. Ikakohoa tena, halafu ikanguruma,
na kreti za viazi zikaanza kutetemeka,
na kikombe cha Trefor, alichokiweka juu ya boneti,
kikacheza, kikamwaga,
kikaacha pete ya chai juu ya kijani cha Idwal.

"Stata itakufa tu siku moja," akasema Trefor.

Idwal angemfukuza hadi barabarani kwa ile pete.
Mimi nilikuwa na kitambaa begani.
Sikuifuta.